UZI: Mabinti na harakati za tabianchi – tarehe, barua, matope na maji (mwongozo wa kufanyia kazi)

#1 Binti_Mtepe (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Kila ikikaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mitandao hujaa picha za mabinti walioshika mabango na miche. Ukirudi mwezi wa tisa kuuliza ile miche iko wapi, kimya. Ukiuliza yale mabango yalikuwa yanamwambia nani nini, unajibiwa "viongozi wachukue hatua". Kiongozi gani, hatua gani, kabla ya lini? Kikundi kinajikuta kina wafuasi elfu kumi na hakijawahi kujibiwa hata barua moja.

Naanzisha uzi huu kwa vikundi vya wasichana na wanawake vijana vinavyotaka kazi yao ishike. Wenye ujuzi wa sheria, mikoko, maji na bajeti karibuni muongezee. Sharti ni moja: leteni vipimo na tarehe. Hotuba tunazo za kutosha.

Jambo hili halikuanza leo kwetu. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kina mama walikuwa wakilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona, na hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya warudi kuunyweshea. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kazi kubwa aliifanya kwa barua: Ofisi ya Rais, halmashauri ya jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa, balozi. Fedha za nje zikakauka na jengo likafa. Elizabeth Wathuti alianzisha Green Generation Initiative mwaka 2016 akielekeza nguvu kwenye miti shuleni, miaka mitano kabla dunia haijamsikia kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow. Vanessa Nakate alianza kusimama na bango Kampala Januari 2019. Leah Namugerwa, Uganda vilevile, alitimiza miaka 15 mwaka huohuo akapanda miti 200 badala ya kukata keki.

Hatua ya kwanza. Kabla ya kuchapa bango, andikeni sentensi moja yenye vitu vinne: nani, afanye nini, wapi, kabla ya tarehe gani. "Tunataka haki ya tabianchi" inafaa kwenye fulana. "Tunaitaka kamati ya bajeti ya bunge la kaunti itenge fedha za matangi ya maji kwa shule sita za wadi hii kwenye makadirio ya mwezi Aprili" ni dai ambalo mtu anaweza kulikataa hadharani, kwa hiyo anaweza pia kulikubali.

Kama mmeamua kuandamana, kwa Kenya mambo ni haya. Ibara ya 37 ya Katiba inawapa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha risala kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inataka taarifa imfikie mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Taarifa iwe na jina kamili na anwani ya mwandaaji, tarehe, saa (kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni) na mahali au njia mtakayopita. Hiyo ni taarifa. Msiandike "tunaomba ruhusa", maana anayeombwa ruhusa amepewa nafasi ya kunyima.

Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri, tarehe na saa. Mkiambiwa mkuu hayupo, mwachieni afisa wa zamu, andikeni jina lake na namba yake ya utumishi, kisha tumeni nakala ileile kwa barua pepe siku hiyohiyo. Watie sahihi watu wazima wawili. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 asiwe mwandaaji kwenye karatasi hata kama wazo ni lake.

Na hili husahaulika sana: hakikisheni anayepokea risala atakuwepo. Maandamano mengi huishia kwenye geti lililofungwa Ijumaa saa tisa alasiri.

#2 Wakili_wa_Kijiweni

Umefungua vizuri dada. Mimi naingia palipo na meno zaidi, yaani tathmini ya athari kwa mazingira. Bango huonekana siku moja, lakini pingamizi lililoingia kwenye jalada kwa wakati mwenye mradi atalibeba mpaka mwisho wa mradi.

Kenya, mradi mkubwa hutangazwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwenye Gazeti Rasmi, ambalo hutoka kila Ijumaa, na kwenye magazeti ya kawaida. Tangazo lenyewe huandika kuwa umma una siku 30 kutoa maoni. Kwa hiyo kikundi kiteue mtu mmoja ambaye kazi yake kila Ijumaa jioni ni kufungua Gazeti Rasmi, linapatikana bure mtandaoni, na kutafuta jina la kaunti yenu. Ni dakika ishirini za uchoshi, ila bila hizo mtasikia habari za mradi siku tingatinga linapofika.

Ripoti ikishapatikana, msianze ukurasa wa kwanza. Nendeni viambatisho kwanza, mtafute orodha za mahudhurio na kumbukumbu za mikutano ya wananchi. Hesabuni: mikutano ilikuwa mingapi, lini, lugha gani ilitumika, wanawake walikuwa wangapi, vijana wangapi, na je, ilifanyika baada ya utafiti kukamilika au kabla? Kisha someni sura ya njia mbadala. Ikiwa na aya mbili tu, hapo mna hoja. Kisha chanzo cha maji na kiasi. Kisha vipimo vya hali ya sasa: vilichukuliwa msimu gani? Mto uliopimwa wakati wa masika hausemi ukweli wa mwezi wa pili.

Barua ya pingamizi isizidi kurasa tatu. Namba ya rejea ya mradi juu kabisa. Kila hoja iwe na ukurasa wa ripoti, kasoro ni ipi, na mnataka nini kifanyike. Barua 10 zenye ushahidi tofauti, mmoja anaeleza kisima, mwingine mazalia ya samaki, mwingine njia ya kwenda shule, zina uzito kuliko barua 300 zilizonakiliwa. Zilizonakiliwa huhesabiwa kama hoja moja.

Mfano wa kusoma ni kesi ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Shirika la Save Lamu na wakazi wakakata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ile tunayoiita NET, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Kiini kilikuwa ushirikishwaji wa umma. Wananchi walikuwa wamefanyiwa mikutano ya utambulisho kabla ya utafiti, lakini matokeo ya utafiti wenyewe hayakurudishwa kwao ipasavyo wakayajadili. Mahakama iligusa pia suala la tabianchi kutozingatiwa ilivyopaswa. Sasa mnaona kwa nini nawapeleka kwenye viambatisho.

Rufaa ya NET ina siku 60. Chini ya Ibara ya 70 ya Katiba mnaweza kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira bila kuonyesha kwamba kuna mtu ameshapata hasara. Na kama ofisi imekataa kuwapa ripoti, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: siku 21 za kujibu, zinaweza kuongezwa mara moja kwa siku 14, na wakinyamaza mnakwenda Tume ya Haki ya Utawala.

Kuhusu kuchelewa, angalieni kilichotokea Arusha. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalifungua kesi Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kupinga bomba la mafuta ghafi la EACOP. Tarehe 29 Novemba 2023 Divisheni ya Mwanzo ikaitupa kwa hoja ya muda: Mkataba wa Jumuiya, Ibara ya 30(2), unatoa miezi miwili tu. Hoja za mazingira hazikufikiwa.

#3 Patroni_Kwale

Asalaam aleikum. Nimefuatilia kwa makini. Naomba kuuliza jambo la chini kidogo kuliko mahakama. Kuna klabu ya mazingira ya wasichana 25 wa kidato cha tatu, wanataka kupanda mikoko 2,000 tarehe 26 Julai, Siku ya Mikoko Duniani. Mgeni rasmi ameshakubali kufika saa nne asubuhi. Eneo ni tope tupu mbele ya mikoko iliyopo, upande wa bahari. Tujipange vipi?

#4 Mchu_na_Mlilana

Waaleikum salaam mwalimu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hapo umetaja makosa mawili kwa pamoja, na hayo ndiyo yanayoua miche mingi ya mikoko pwani yote.

La kwanza ni eneo. Tope tupu upande wa bahari mara nyingi liko tupu kwa sababu mkoko hauwezi kuishi pale: linafunikwa na maji muda mrefu mno, wimbi linapiga, chaza na viumbe wengine wenye magamba wanajibandika kwenye shina hadi mche unalemewa. Kama mikoko iliyopo inatupa mbegu kila mwaka na pale hapaoti kitu, jiulizeni kwanza kwa nini. Sehemu zinazofaa ni zile zilizokuwa na msitu ukakatwa, visiki bado vinaonekana. Na hata hapo angalieni maji: barabara, tuta la chumvi au mchanga ulioporomoka huziba mkondo, chumvi ikapanda, mikoko ikafa. Ukizibua mkondo wa upana wa jembe mbili tu, mbegu zinaweza kujileta zenyewe bila kupanda hata mche mmoja.

Kila aina na mahali pake. Ukitoka baharini kwenda nchi kavu unaanza na mlilana, halafu mkoko wenyewe, muia, mkandaa, na mchu juu kabisa kwenye chumvi, ingawa mchu huonekana pia upande wa mbele. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na haihitaji kitalu. Ukiupanda sehemu ya mchu utasimama miezi mitatu ukiwa na majani mawili, kisha unanyauka.

La pili ni saa. Tarehe 26 Julai imewekwa na Umoja wa Mataifa, mwezi haukuulizwa. Kwetu Kenya maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupungua kupita kiasi, hukupwa takriban saa nne hadi saa tano asubuhi, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupungua kidogo tu, inageuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa. Fungua jedwali la maji sasa hivi. Ikiwa siku hiyo ni maji mafu, mgeni rasmi atahutubia bahari. Pandeni kwa tarehe ya mwezi, na tarehe 26 fanyeni mkutano wa kutoa hesabu ya miche.

Kupanda kwenyewe. Siku nzuri za mkoko ni zile zinazofuata kilele cha bamvua, maji yanapoanza kupungua nguvu, mche upate siku kadhaa za kujishika. Mkandaa na mchu wa juu wapandwe kabla ya bamvua ili wapate kulowa.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapotokea kwenye tunda. Ikiwa bado kijani kote, muiache mtini. Okoteni zilizoanguka au tikiseni tawi, msizing'oe. Tupeni yenye tundu la mdudu, iliyovunjika ncha au iliyokauka. Zikae kivulini ndani ya gunia bichi, zipandwe ndani ya wiki moja. Unachomeka theluthi moja ya urefu kwenye tope, ncha kali chini, bila kuipigilia. Tope likiwa gumu, tangulieni na kijiti mtoboe.

Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 ina maana miche 2,000 itachukua mita za mraba 2,000, nusu eka. Kila msichana anapata miche 80. Mna saa mbili hadi tatu za kazi kabla maji hayajarudi, na inatosha ikiwa kamba zimefungwa mafundo ya mita moja jana yake. Wekeni akiba ya mbegu 400 kwa ajili ya kujazia mapengo mwezi wa pili. Kaa watakula zao.

Mchu ni kazi ya kitalu: mbegu ilowekwe siku moja mbili hadi ganda libanduke, ipandwe kwenye mifuko yenye udongo wa hukohuko mikokoni, pahali maji yanafika bamvua.

Ruhusa: msitu wa mikoko ni wa serikali, chini ya Huduma ya Misitu. Njia rahisi ni kupitia chama cha jamii cha msitu wa eneo lenu, na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) wajulishwe kwa sababu wao ndio watakaokuwepo siku mvuvi akiburuta nyavu juu ya miche.

Usalama wa mabinti. Msivae gambuti, zinanaswa kwenye tope na mtu anaanguka mikono mbele juu ya chaza. Raba za kamba zilizobana na soksi ndefu ndizo zinazofaa. Awepo mtu wa BMU anayejua mkondo upi unajaa kwanza, maana maji hayaji kutoka mbele tu, huzunguka nyuma yenu kupitia mikono ya bahari. Panga sehemu ya kujisitiri nchi kavu, na msichana aliye kwenye siku zake apewe kazi ya kitalu au ya kuhesabu bila kuulizwa sababu.

Mkitaka kuona kazi iliyokomaa, hapo Kwale kwenu pana mradi wa jamii wa Mikoko Pamoja, Gazi: hekta 117, ilianza mwaka 2013, huuza hati za hewa ukaa za takriban tani 3,000 kwa mwaka, fedha zinaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Angalieni kwamba sehemu kubwa ya hesabu ile inatokana na msitu uliokuwepo na kulindwa. Kulinda hakupendezi kwenye picha, ila ndiko kunakolipa.

#5 Fundi_Tanki_Makueni

Somo la mikoko limekaa vizuri. Sasa sisi wa nchi kavu.

Shule nyingi za Ukambani huletewa miche 500 kwa lori, wanafunzi wanaipanda, na hakuna aliyehesabu maji. Tuhesabu. Mche mchanga wa mwembe unataka lita 10, mara mbili kwa wiki, wakati wa kiangazi. Miche 200 ni lita 4,000 kwa wiki, yaani mitungi 200 ya lita 20. Nani anabeba? Msichana, kabla ya darasa au baada. Kampeni ya tabianchi inayomwongezea binti safari za mtoni imeshindwa hata kama miti imeota yote. Na mimi naona hapa ndipo vikundi vya wasichana vina haki ya kugoma: hakuna tangi, hakuna miche.

Paa la darasa la mita 8 kwa 20 ni mita za mraba 160. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Toa asilimia 20 ya kupotea. Milimita 78 hivi zinajaza tangi la lita 10,000. Tangi hilo likitumika kwa miti peke yake linanywesha miche 40 kwa wiki 12. Basi anzeni na 40. Lakini mifereji iwe na mteremko, na bomba la kutupa maji ya kwanza liwepo, la sivyo tangi litajaa kinyesi cha ndege.

Shimo sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri, urudishe huo kwanza. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa. Matandazo yawe mazito, ila yaachie shina nafasi ya kiganja. Miembe mita 8 hadi 10, mipapai mita 2 na nusu katikati yake ili shule ipate kitu cha kula ndani ya mwaka. Uzio wa miiba kila mche. Mbuzi hana likizo.

Likizo ndiyo muuaji. Pandeni mvua za Oktoba hadi Desemba, ndizo za kuaminika zaidi huku, lakini shule hufungwa Novemba. Kabla ya kupanda andikeni zamu za likizo zenye majina, na mlinzi wa shule alipwe kitu. Mkikosa fedha ya mlinzi, punguzeni miche.

#6 Nyanja_Kuu

Nawasoma kutoka Kampala, na nitasema lisilopendeza. Kampuni ya mafuta hufurahi sana ikiona wasichana wanapanda miti, na mara nyingine yenyewe hununua miche. Wakati huohuo bomba la kilomita 1,443 linajengwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,147 zikiwa ndani ya Tanzania, likipashwa joto la nyuzi 50 kwa kuwa mafuta yetu huganda. Nakate na mwanaharakati mwenzake Hilda Nakabuye walianza na mabango, lakini walivyoendelea wakaanza kuzungumza na wenye fedha.

Huko ndiko kwenye kazi. Mradi kama huu unategemea wanahisa, benki na bima. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya EACOP, kampuni za serikali za Uganda na Tanzania 15 kila moja, CNOOC ya China 8. Mkutano mkuu wa wanahisa wa TotalEnergies huwa mwezi Mei. Bima huhuishwa kila mwaka. Barua inayofika wiki sita kabla ya tarehe hizo, ikiwa na ramani, picha na maneno ya mtu mmoja aliyeathirika kwa ridhaa yake, husomwa. Inayofika wiki moja baadaye inawekwa kwenye faili.

Kazi nyingine isiyo na kamera: kukaa na wanawake walio kwenye njia ya bomba, mkikagua fomu za fidia. Tarehe ya mwisho ya tathmini ikishatangazwa, kinachopandwa baadaye hakilipwi, na familia zimekaa miaka bila kujua zilime nini. Angalieni: jina la nani liko kwenye fomu, akaunti ya nani, na kama ni ardhi ya familia, ridhaa ya mwenzi wa ndoa ambayo Sheria ya Ardhi ya Uganda inaitaka ipo au imeghushiwa kwa dole gumba.

Kuhusu barabarani, Uganda si Kenya. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 8 cha sheria ya mikusanyiko kilichowapa polisi nguvu ya kuzuia mikutano. Kukamata kunaendelea kwa makosa mengine. Tarehe 4 Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala wakipeleka risala ofisi za Umoja wa Ulaya, wakashtakiwa kwa usumbufu wa umma. Kwa hiyo kabla ya kutoka: wakili ajue majina yote, namba yake iandikwe kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika, simu zifungwe kwa namba ya siri na si alama ya kidole, mtu mmoja abaki nje na orodha ya wenye dawa za kila siku. Mwenye mtoto anyonyaye asiwe mstari wa mbele.

#7 Binti_Mtepe

Nyanja_Kuu, hoja imekubalika, ingawa siitupi miti. Nakate mwenyewe anaendesha mradi wa shule, sola na majiko banifu. Jiko likipunguza kuni, linapunguza pia safari za kuni, na wanaozienda ni walewale mabinti.

Niweke kalenda ya kaunti za Kenya niliyoidokeza. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa bungeni kabla ya 1 Septemba: hapa ndipo jina la shule yenu liingie, la sivyo mtakuwa mnaomba kitu kisicho kwenye mpango. Waraka wa mkakati wa fedha, 28 Februari: hapa hugawanywa viwango vya kila idara. Makadirio, 30 Aprili. Baada ya hapo kamati ya bajeti husikiliza wananchi, na bajeti hupitishwa kabla ya 30 Juni. Vikundi vingi hujitokeza mwezi Juni, mikate imeshakatwa.

Kaunti zilizo kwenye FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani, zina kamati za wadi za tabianchi. Ulizeni nani anakalia kiti cha vijana na nani cha wanawake. Makueni walitangulia kutunga kanuni za mfuko wa tabianchi mwaka 2015, kwa asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, kwa hiyo diwani akisema haiwezekani, mpelekeeni kanuni hizo.

#8 Dada_Faragha

Kitu kimoja hakijaguswa. Binti akisimama hadharani, matusi hayachelewi, na mengi hayahusu hoja bali mwili wake. Jipangeni kabla.

Akaunti ya kikundi isimamiwe na watu wawili, uthibitisho wa hatua mbili uwe wa programu na si wa ujumbe mfupi. Kwa walio chini ya miaka 18, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Pateni kwa maandishi, fomu ieleze picha itatumika wapi na hadi lini, na mzazi aweze kuiondoa. Msitaje shule, jina kamili na saa ya kutoka kwenye chapisho moja. Picha za eneo tumeni baada ya kuondoka.

Matusi yakija: msifute kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na kiungo, hifadhi nakala mbili, ndipo ripoti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018 ina kifungu cha 27 cha unyanyasaji mtandaoni na cha 37 cha kusambaza picha za faragha. Anayesoma maoni ya matusi awe mwingine, asiwe yule anayetukanwa, na zamu hiyo isizidi wiki.

Januari 2020 shirika la habari lilimkata Nakate kwenye picha ya pamoja ya Davos, akabaki nje huku wenzake wanne weupe wakionekana. Alijibu siku ileile. Funzo la kiutendaji: kila mkutano kikundi kiwe na picha zake chenyewe, zenye majina kamili na tahajia sahihi, zimeshatumwa kwa wahariri kabla ya wao kuchagua za kwao.

#9 Mdau_Tanga

Wakuu, sisi upande wa Tanzania je? Naona mengi ni ya Kenya.

#10 Wakili_wa_Kijiweni

Mkuu, kwa kifupi. Mkusanyiko au maandamano: taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Mazingira: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, maoni ya tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) yanakwenda NEMC, chombo cha taifa cha mazingira. Habari: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, siku 30 za kujibiwa. Lakini kwa Tanzania mlango mzuri kuliko yote ni mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ina taratibu zake, na kumbukumbu za mkutano zenye sahihi ni ushahidi mzito. Mabinti wahudhurie, wazungumze, na wahakikishe mtendaji ameandika walichosema kabla hawajaondoka. Ombeni nakala iliyogongwa muhuri wa kijiji.

#11 Patroni_Kwale

Nimeangalia jedwali la maji, Mchu. Tumehamisha upandaji, na eneo tumebadilisha, kuna sehemu ya visiki ndani kidogo. Swali la mwisho: tuhesabu vipi, maana wasichana wanataka takwimu za kupeleka kaunti?

#12 Mchu_na_Mlilana

Vizuri sana mwalimu. Wekeni vitalu vitatu vya mita 10 kwa 10 ndani ya shamba: kimoja karibu na mkondo, kimoja katikati, kimoja juu. Kila pembe mti wa mkandaa uliokauka na utepe. Kwa nafasi ya mita moja kila kitalu kitakuwa na miche 100, asilimia inajisoma yenyewe.

Hesabuni mwezi wa 1, 3, 6, 12 na 24, siku za bamvua. Safu za daftari: tarehe, kitalu, hai, mfu, haupo, urefu wa miche 10 iliyowekewa alama, na sababu ya kifo. Tofautisheni "mfu" na "haupo". Mfu umekauka ukiwa umesimama, hapo tatizo ni chumvi au maji. Usiokuwepo umechukuliwa na wimbi au kaa, na dawa yake ni nyingine. Miche ya kujazia mapengo ifungiwe uzi wa rangi tofauti isije ikaingia kwenye hesabu ya mwanzo. Hapo ndipo ripoti nyingi hujipamba.

Piga picha kutoka nguzo ileile, kuelekea upande uleule. Na mkipata asilimia 40 mwezi wa sita, iandikeni 40, kwa sababu afisa wa misitu atakuja na daftari lake.